Ng'ombe wa Mke wa Pili

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia hivyohivyo, ingawa najua huitiki.

Tangu tukuzike Bahi mvua zimenyesha vizuri, majaruba ya mpunga yamejaa maji na ng'ombe wako wamenenepa. Mimi niko hapa Dodoma mjini, peke yangu. Rehema, mkwe wako, amekwenda kupumzika kwa mama yake Mlali. Jioni napika ugali wa mtu mmoja, na huo nao unabaki.

Baba, tumepima. Miaka yote uliyokuwa ukiniuliza mbele yake, "Huyu mwanamke ana nini?", hakuwa na tatizo lolote. Mbegu zangu ndizo chache mno, tena dhaifu. Kule maabara waliziweka kwenye kisahani pamoja na mayai yake, waone kama zinaweza kupenya zenyewe. Kesho yake mtaalamu akaniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Nikaliona yai, limetulia, na vimbegu viwili vitatu vimelala pembeni kama wageni waliokosa mlango. Hakuna yai hata moja lililorutubishwa. "Mayai ya mama ni mazuri," akasema. "Mbegu zako ndizo haziingii." Rehema akanishika mkono. Mimi nikaona aibu, kisha nikakukasirikia wewe. Ndiyo, wewe, na sina wa kumwambia.

Maana ulijua, baba! Mwaka ule ng'ombe walipokaa bila kushika mimba, jirani alikushauri uwauze. Ukamcheka. "Ng'ombe hawana kosa. Badilisha dume." Ukaazima dume kutoka Zuzu, tukalichunga wote, na zizi likajaa ndama. Halafu ukarudi nyumbani ukamwita mke wangu mgumba, ukanitengea ng'ombe wa mahari nioe mwingine. Huyo wa pili naye angezaa na nani?

Lakini nakukumbuka. Ulikuwa ukinibakizia maziwa kwenye kibuyu, ukimdanganya mama kwamba umeshiba. Nilitaka na mimi nimbakizie mtu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Imebaki njia moja: wachague mbegu moja, waiingize ndani ya yai kwa sindano nyembamba sana. Inaweza kushika, inaweza isishike.

Jumamosi ndugu wanakutana kugawa mifugo yako. Kila mtu anajua wale ng'ombe ni wa mke wa pili. Nitasimama hapo zizini, mbele ya mama na baba wadogo, niseme mwenye kasoro ni mimi, na kwamba ng'ombe hao nawauza kwa ajili ya sindano ya Rehema. Naogopa, baba. Ukiwa hai sikuwahi kukupinga. Lakini nitasema, kisha nitakwenda Mlali kumchukua mke wangu.

Pumzika sasa. Tukipata mtoto, nitamleta kaburini kwako akuamkie. Tusipompata, tutakuja wawili, mimi na Rehema, nawe utatupokea hivyohivyo.

Mwanao,
Yona