Kwangu Ngoma, Kwako Ala

Baba Neema,

Sikuulizi hali. Wanaotoka Dar es Salaam wananiambia umenenepa, unavaa kaunda suti Jumapili, na watu wanakuita Mwalimu. Mimi nipo huku kijijini, upande wa Kabuku, nalima mahindi na kunde. Barua hii siifungi kwenye bahasha. Naiandika wazi, na anayetaka kuisoma kabla haijakufikia aisome, maana yaliyotupata wewe na mimi yalifanyika kanisani mbele ya watu.

Jumapili iliyopita nimepigishwa magoti kwa ajili ya ngoma. Nimeona nikwambie mwenyewe. Lakini kwanza nikukumbushe, kwa sababu nakujua: mengine umeyasahau kwa makusudi.

Unaikumbuka kambi ya mkonge kule Korogwe, chumba chetu cha mwisho kwenye laini ya nyumba za vibarua, na harufu ya majimaji ya mkonge iliyoingia mpaka kwenye uji? Ulikuwa kijana wa Kibena uliyekuja kukata mkonge, ukaishia kufundisha kwaya. Mimi nilikuwa binti wa Kizigua, Hawa, mtoto wa Waislamu wa Handeni, na nilikufuata kanisani kwa sababu nilikutaka wewe. Siku ya kuandikishwa ubatizo mwinjilisti alitaka nichague jina la Kikristo. Nikamwambia Hawa yumo kwenye Biblia, tena mwanzoni kabisa, wala hahitaji kutafutwa. Ulicheka mpaka ukatoka nje. Yeye hakucheka, akaniandika Ester. Wewe uliendelea kuniita Hawa tukiwa ndani, na hilo nililipenda kuliko nilivyowahi kukwambia.

Neema alikuwa bado wa mgongoni dada yangu aliponiita Handeni kumtoa mwali wake. Ngoma za wanawake nimezipiga tangu sijajua kusuka ukili, na siku ile nilipiga mpaka viganja vikawaka. Ulikuwepo. Ulikaa na wanaume, ukala pilau, mguu wako ukigonga chini bila wewe kujua. Tulipofika kambini habari zilikuwa zimetutangulia, na wazee wa kanisa wakakaa kikao. Jumapili yake mwinjilisti akatangaza kwamba Ester ametengwa na Meza ya Bwana kwa sababu ya ngoma, mpaka atakapotubu mbele ya usharika. Wewe ulikuwa kwenye kikao kile. Ulirudi, ukasema, "Wameamua," ukaomba chai.

Ukanishauri nitubu yaishe. Ningetubu nini? Walitaka niseme kwamba nilikuwa namwabudu shetani, na aliyesimama kando yangu siku ile akinipokea mapigo alikuwa mama yangu mzazi. Sikuweza kumwita mama yangu shetani ili nipewe kipande cha mkate. Nikahamia benchi la nyuma karibu na mlango, pamoja na walevi na wasichana waliopata mimba nyumbani kwao.

Kisha kinanda kikafa. Kile kinanda cha kukanyaga walichotuachia Wazungu, panya walikula mfuko wake wa hewa, kikawa kinakohoa tu. Uhuru tulikuwa tumeshapata, kila mahali watu wanataka nyimbo za kwetu, na kwaya yako haina cha kuiongoza. Ndipo uliponikumbuka. Ukawa unarudi kazini, unaoga, unanigeuzia debe katikati ya chumba.

"Mama Neema, nipigie lile la harusi. Polepole."

"Lile halipigwi polepole."

"La kanisani litapigwa polepole. Haya, rudia hapo unapokata."

Mikono yako ilikuwa mizito, ya kukata mkonge. Niliishika kidole kwa kidole, nikakuonyesha pa kugusa na pa kuacha. Nasema kweli, Baba Neema, hizo ndizo siku nilizokupenda zaidi. Neema alikuwa anajaribu kucheza, anaanguka, tunacheka wote. Nilidhani tunatengeneza kitu cha watu wawili.

Siku ya kuwaonyesha wazee nilikuwa benchini kwangu. Ulisimama mbele na ngoma ya ngozi mpya, umevaa shati jeupe nililokupigia pasi mimi, ukasema, "Wazee wangu, hii mnayoiona si ngoma. Ngoma ni ile ya kwenye mambo ya giza. Hii ni ala." Wakatikisa vichwa wakiridhika. Mimi nikashindwa kujizuia, nikasema, "Alaa!" Mzee mmoja akageuka akanitazama kwa upole, akidhani nimekubali. Halafu ukapiga. Ulipiga mapigo ya mama yangu, moja baada ya jingine, kama nilivyokupa, na wale walionifungia Meza ya Bwana wakapiga makofi.

Tulipofika nyumbani nilikuuliza utawaambia lini kwamba ni mimi. Ukasema, "Nikikutaja wewe wataitoa kanisani. Vumilia, Mama Neema. Kazi ya Bwana kwanza." Basi nikavumilia. Kila Jumapili nilikaa kule mlangoni nikisikia mikono yangu inasifiwa, na anayeshukuru ni wewe. Walipopita na mkate na kikombe nilitazama nje.

Halafu kwaya ikaitwa Dar kuimba redioni. Nilikusindikiza mpaka Segera, nikakununulia mahindi ya kuchoma, ukaniahidi utarudi kabla ya mvua. Wenzako walirudi. Walikuwa wananikwepa njiani, mpaka mmoja akapata haya akanieleza kwamba umebaki Dar na yule binti aliyekuwa akiimba sauti ya pili. Sikulia mbele yake. Nilimkaribisha maji ya kunywa, akanywa akaenda.

Kazi za mkonge zilipopungua nilirudi kwetu na Neema, na haikupita muda tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Ofisi ya kijiji ina redio. Jumapili asubuhi huifungulia kwa nguvu ili watu wote wafaidi, na mimi nikipepeta mahindi nakusikia. Mtangazaji anasema nyimbo na mapigo vimetungwa na Mwalimu, anataja jina lako lote mpaka la baba yako. Napepeta. Ningefanya nini?

Mwezi uliopita akaja mchungaji mpya, kijana mpole, mtu wa milimani huko Lushoto. Kwaya yake imejifunza nyimbo zako redioni, lakini vijana wanaopiga wanapapasa tu. Kina mama wakamwambia anayejua ni Mama Neema. Akanifuata nyumbani, akavuta kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, tunahitaji mikono yako. Ila nimeambiwa ulitengwa zamani kule kambini, na hujarudi kundini. Utatubu kwanza, halafu utapiga."

"Nitubu nini?"

"Ngoma, mama."

"Na nikishatubu nitapiga nini?"

Alitazama miguu yake. "Ala," akasema.

Neno lako limefika mpaka huku, Baba Neema. Hukulipa hata nauli. Kaka yangu, unajua bado ni Mwislamu, aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Rudi kwetu," akaniambia, "huku dufu tunaliita dufu."

Ningemkatalia yule kijana. Lakini Neema anaolewa baada ya mavuno, na anataka siku hiyo twende Mezani wote wawili. "Mama, piga magoti tu yaishe," akasema. Amesema kwa sauti yako ile ile, na hajui. Mama yangu ameshafariki, hatasikia nikimwita chochote. Nikakubali.

Basi Jumapili nikatoka mbele, nikapiga magoti kwenye udongo, kwa kuwa kanisa letu bado halina sakafu. Mchungaji akauliza kwa sauti, "Mama yetu, unatubu nini mbele ya usharika huu?"

Nikasema, "Natubu kumfundisha mume wangu."

Akainama akaninong'oneza, "Sema ngoma, mama."

"Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu."

Alibaki ananitazama, hajui ashike lipi. Kina mama wa nyuma wakaitikia "Amina" kabla hajawapa nafasi, na kwa kuwa Amina ilishasemwa, akaniwekea mkono kichwani. Nikapewa mkate. Miaka yote ile nilidhani siku hiyo ikifika ningelia. Ulikuwa mkavu, nikaumeza.

Wakaniletea ngoma, wakaniwekea kiti mbele ya kwaya. Nilikuwa nimeshairekebisha ngozi, nimeshanyoosha vidole, na nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa umeanza kuchangamka. Ndipo mchungaji akasimama akatangaza, "Sasa tutaimba wimbo wa Mwalimu," akakutaja, jina lako lote. Ulikuwa ule wa kwanza, ule wa debe.

Nikaweka mikono mapajani. Kwaya ikaanza, ikanitazama, ikayumba, ikaendelea bila mimi. Neema akatoka kwenye mstari wa sauti ya kwanza, akaniinamia.

"Mama, piga. Watu wanakungoja wewe."

"Hawaningoji mimi," nikamwambia. "Umesikia wimbo wa nani. Mwambieni mwenyewe aje aupige."

Waliimba beti zote hivyo hivyo, mikono yangu ikiwa pale pale.

Sikuombei mabaya, Baba Neema. Mazuri nayo sijaweza. Kaa salama huko uliko.

Mimi niliyekuwa mkeo,
Mama Neema