Ndoo Nzima ya Maji

Marahaba, mjukuu wangu Yohana. Huku Newala tuko salama, bibi yako yuko kwenye korosho. Unauliza kama urudi barafuni kucheza hoki, maana kocha wako anasema kizunguzungu ulichopata ulipogongwa kichwa kitaisha chenyewe. Huyo kocha namfahamu, ingawa sijamwona.

Nilipokuwa nahodha, mdogo wangu Tomasi, kipa wetu, aligonga kichwa kwenye mlingoti wa goli, akazimia. Tukammwagia ndoo nzima ya maji. Kwa tabu ya maji ya huku, tuliona tumemtibu vya kutosha. Alipofumbua macho nikamwambia, "Rudi golini." Akarudi, akagongwa tena. Tulishinda.

Jina langu amelisahau zamani. Leo asubuhi nilikuwa namwogesha. Maji yalipomfika kichwani akainuka, akaniuliza, "Nirudi golini?"

Babu yako