Kadi ya Glavu ya Kushoto

Brescia, 24 Juni 1987

Kaka yangu Tullio,

Pokea salamu zangu, na kama umeshaanza kuikunja barua hii baada ya kuona mwandiko wangu, tafadhali ikunjue. U mzima? Kifua chako kinauvumilia unyevu wa Genova? Anwani nimeipata kwa shangazi Zelinda, tena kwa kumbembeleza siku mbili, maana anadai alikuapia hatampa mtu. Usimgombeze. Mimi sijambo, nimenenepa, na mvi zimeanza. Baba naye yupo, ana miaka sabini na minane. Mikono inamtetemeka kiasi kwamba kinyozi mzima sasa ananyolewa na mimi, na kila asubuhi ananiambia nashika wembe kama mchuna mbuzi.

Habari za nyumbani ni nyingi. Chumba chako kimejaa panga na vyuma vya vita vya kale, usicheke. Ulipoondoka Baba alikuwa na vitu kumi na vinne. Sasa vimepita mia, na bado anavipata kwa njia ile ile. Mkulima akigundua kwamba chombo wanachotagia kuku wake ni kofia ya chuma ya askari wa zamani, Baba anamnyoa bure, yeye na wanawe, mpaka wote waridhike. Jumapili ya soko la vitu vya kale kule Lonato namsindikiza, na nakuambia, hapo ndipo ninapompenda zaidi. Wengine hutazama upande unaong'aa. Yeye hugeuza kitu aone ndani, hukinusa, hupitisha kidole gumba ukingoni, kisha anakuambia aliyekivaa alikuwa mfupi mwenye shingo nene. Mwaka jana muuzaji mmoja wa Milano alimletea ngao, akaapa ina miaka mia nne. Baba akaigeuza, akaona palipochomelewa, akamuuliza kwa upole kabisa kama siku hizo umeme ulikuwa haukatikikatiki. Mzee Bortolo mwenye bucha alicheka mpaka akakaa chini. Unamkumbuka? Naye bado anakusanya silaha, na bado wanashindana. Kila Alhamisi anamwita Baba mkusanya masufuria, Baba anamwita muuza mifupa, halafu wanakula ugali wa polenta sahani moja.

Lakini sifa kubwa ya Baba ni kadi zake. Kila kitu kina kadi aliyoiandika kwa mkono: ni nini, kimetoka wapi, kina kasoro gani. Wenzake huficha kasoro; yeye huanza nazo. Kwenye upanga mmoja ameandika: "Mpini si wake. Nilidanganywa Verona, ujinga wangu." Watu hutoka mbali kuja kutazama vyuma, na wanaondoka wakizisifu kadi.

Sasa ile deraya ya sebuleni, lile vazi zima la chuma la vita. Unakumbuka kila kipande kina alama tatu ndogo za tupa upande wa ndani, ambazo fundi alizikata ili vipande vya mtu mmoja visichanganyike na vya mwingine. Miaka tisa Baba alitafuta vipande vya alama tatu, kimoja huku, kingine kule, na glavu ya kushoto ndiyo iliyopatikana mwisho. Siku aliyoileta alimvalisha Mama, Mungu amrehemu, wakacheza muziki wa redio jikoni. Baada ya wewe kuondoka aliiandikia kadi ambayo hujawahi kuiona. Inasema: "Glavu ya kushoto: haipo. Iliibwa na mwanangu Tullio, Juni 1965." Imekaa pale mbele ya kila mgeni miaka ishirini na miwili, na mimi ndiye niliyekuwa nikiipangusa vumbi kila Jumamosi.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja wa jumba la makumbusho, jina lake Loredana, akaomba kuiazima deraya kwa maonyesho ya Septemba. Kadi zilimfurahisha, akataka zichapwe kwenye kitabu cha maonyesho neno kwa neno. Akakaa kuzinakili. Alipofika kwenye glavu alisimamisha kalamu, akamuuliza Baba kama na hii pia. Baba akajibu kwamba kadi zake hazichagui. Bibi wa watu akainamisha kichwa akaandika. Mimi nilimwaga kahawa yote kwenye zulia.

Tullio, kaa chini kama umesimama. Niliyeichukua glavu ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku ya jina la Baba, sikukuu ya somo wake Mtakatifu Gervasio, ilikuwa inakaribia, nami sikuwa na zawadi. Nikachukua msasa wa seremala wa chini na mafuta, nikaisugua ile glavu darini siku tatu, ikang'aa kama kijiko kipya. Nilijiona fundi kweli kweli! Siku niliyomaliza, mtu akaleta dukani jambia alilolisugua hivyo hivyo, akingoja kusifiwa. Baba alibadilika uso. Alimwambia ule weusi ulichukua miaka mia nne kuja, na mpumbavu mmoja ameumaliza kwa mchana mmoja, aondoke asimwone tena. Mimi nilikuwa mlangoni nimeifunga glavu kwa utepe mwekundu. Nikaenda kuizika chini kabisa ya sanduku la nguo za Mama, nikijua Baba hana moyo wa kulifungua.

Siku mbili baadaye ukaja na pikipiki. Wewe uliyekuwa ukitania mezani kwamba utaviuza vyuma vyote! Pesa ulizichuma kwenye tanuri la mikate, na nilijua, mimi ndiye niliyekufulia fulana zenye unga. Baba, aliyekwisha kuona glavu haipo, akakuita mwizi kwamba umeiuza, ukaapa kwa kaburi la Mama, akakwambia usilitaje. Nami nimekaa ngazini, mkono mdomoni. Ulipokuwa ukinipita kuondoka, ulinishika kichwa ukaniambia nisilie, utarudi. Hilo limenitesa kuliko mengine yote.

Basi Ijumaa hii iliyopita, siku ya jina lake, nilifungua sanduku nikamwekea Baba zawadi yake mapajani, utepe na yote, nikamweleza kila kitu nimesimama. Nilingoja anifukuze. Hakunitazama hata kidogo. Aliigeuza glavu ndani, mahali msasa wangu haukufika, na weusi ulikuwapo, na alama tatu zilikuwapo. Akazipitishia kidole gumba muda mrefu. Kisha akaenda kwenye simu, akainua mkono wa simu, akaniuliza namba yako. Nikamwambia hatuna, hana yeye wala sina mimi. Akaurudisha polepole, akakaa, akalia. Hata tulipomzika Mama sikumwona akilia vile.

Mzee Bortolo amemshauri kuna dawa ya kupaka, chuma kinakuwa cheusi kwa siku moja, hakuna atakayejua. Baba amemwambia akaipake mifupa yake. Glavu itaonyeshwa hivyo hivyo ilivyo, inang'aa peke yake, na kadi mpya imemchukua asubuhi nzima kwa mikono ile: "Glavu ya kushoto: ni yake. Ilisuguliwa na binti yangu kwa mapenzi. Tullio hakuiba kitu. Kasoro kubwa ni ya mwenye deraya, ambaye hakuuliza mara mbili." Bibi Loredana ameshainakili.

Siombi unisamehe upesi. Nitukane upendavyo, ila uje unitukanie hapa jikoni. Nitakuchomea nyama ya kuzungushwa kwenye mtarimbo juu ya moto, na polenta utapata mpaka useme basi. Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi ya tarehe tano Septemba.

Shangazi anakusalimu, Mzee Bortolo anakusalimu na kuuliza kama ile pikipiki bado inatembea. Ndani ya bahasha utaona kadi ya zamani. Nilitaka kuichoma, Baba akaninyang'anya. Alisema wa kuichana si mimi wala si yeye, ni wewe, na kama una nafasi, angependa uje uichane akiwa anaona.

Ni mimi dada yako, niliyekaa ngazini,

Ersilia