Leo Mama Amekula

Jumanne. Mvua imenyesha tangu saa tisa, barabara ya malori imekuwa uji mtupu, na mimi nimekaa kitandani na miguu yenye matope naandika haya huku nacheka peke yangu. Mkiniona mtasema Nabwire amechanganyikiwa. Semeni tu.

Mama amekula.

Amekula kalo, ugali wetu wa wimbi na muhogo, amekula mukene, hawa dagaa wetu, niliowapika na karanga. Akapangusa bakuli kwa kidole, kisha akaniuliza kama wamebaki kwenye sufuria. Jamani! Wiki nzima nilikuwa nalingoja swali hilo.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana wengine mnaosoma hapa hamjui kwamba Mama yuko kwangu. Alikuja Jumatatu ya wiki iliyopita kutoka Majanji kwetu, kando ya ziwa, na mfuko mmoja na Biblia yake. Sukari ilikuwa imempanda. Kliniki ya huku Busia wakampa vidonge vya asubuhi na vya jioni, wakasema akae karibu wiki mbili wamwangalie. Nilifurahi, sitawadanganya. Tangu niolewe, Mama alikuwa hajalala kwangu hata siku moja. Kwetu Wasamia, mama haendi kukaa kwa mkwe wake hivi hivi, na kula mbele yake ndiyo kabisa, haifanyiki.

Lakini Mama ameokoka. Ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao, na mimi kwa masikio yangu haya nimemsikia akiwafundisha kwamba mkwe ni mtoto wako, na mambo ya kujificha nyuma ya mlango ni giza la zamani. Kwa hiyo niliona hapo hakuna shida yoyote.

Na mume wangu alivyo mtu wa watu! Baba Athieno ni Mjopadhola wa Rubongi, fundi wa breki za malori, na siku za kawaida huwezi kumwona nyumbani kabla ya saa tatu. Siku Mama alipofika, alirudi saa moja, akaoga, akavaa shati la Jumapili. Alikuwa amenunua hadi kitambaa kipya cha meza. Akasema, "Mama, nyumba hii tunakula meza moja. Wewe ni mama yangu." Mama akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mwanangu." Binti yetu Athieno yuko shule ya bweni, kwa hiyo tulikuwa watatu tu mezani, na mimi katikati yao najiona malkia. Nilipiga picha ya ile meza nikaiweka kwenye simu watu wote waione.

Basi tukaanza kula meza moja. Yaani, mimi ndiye nilikuwa nakula.

Mama alikuwa anamega tonge dogo, la kulisha kifaranga, analishika, analirudisha. Ukimuuliza, anasema dawa zinamjaza tumbo. Nikapika wali. Nikapika sato mzima na nyanya. Ijumaa nikachinja kuku wa kienyeji, utadhani ni Krismasi. Alishukuru kila kitu na hakula kitu. Halafu anakunywa kidonge chake cha jioni na maji, anaaga kwa heshima, anakwenda kulala.

Sasa niseme lile linaloniaibisha.

Nilinuna. Mezani sikufikiria ugonjwa, nilifikiria mapishi yangu. Mama yangu ni mpishi ambaye kijiji kizima kinamwita kwenye arusi, nikaona ananidharau. Jumamosi nilimwambia, tena kwa sauti, "Kama chakula changu hakikufai, sema nikununulie cha hoteli!" Nilimwambia hivyo mgonjwa, mtu aliyenizaa. Yeye akatazama chini tu, akarekebisha kitambaa cha meza.

Leo alfajiri nikamkuta anatetemeka. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka mto umelowa, na maneno hayakuwa yanaeleweka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Banange, nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Baba Athieno akambeba hadi kwenye gari la jirani, na huko kliniki wakakuta sukari imeshuka mno, wakaipandisha ikakaa sawa. Nesi akanivuta pembeni. Akasema, "Anameza dawa ya jioni bila chakula? Unataka asubuhi moja umwamshe na asiamke?"

Nilimrudisha nyumbani, nikamwachia uji, nikaenda kazini kwa sababu bosi hana huruma. Mimi huandika karatasi za forodha za mizigo inayovuka mpaka. Leo niliandika lori la saruji kuwa limebeba kahawa. Bosi akaisoma ile karatasi, akanitazama, akasema niende nyumbani kabla sijamtia jela.

Nikafika saa nane mchana. Sebuleni hakuna mtu. Chumbani kwa Mama hakuna mtu. Nikasukuma mlango wa jikoni, ukagoma nusu, na nyuma ya mlango nikamkuta Mama amechuchumaa na sufuria ya kalo ya jana mapajani, anakula na majani ya kunde yaliyolala. Anakula kwelikweli! Mashavu yote mawili. Aliponiona alishtuka kama mwizi wa kuku, akaficha mkono mgongoni.

Nilisimama pale nikahesabu mambo kichwani. Mtu hawezi kukosa hamu ya kula kila saa mbili usiku, halafu aipate saa nane mchana.

Nikamuuliza, "Mama, ni nini?"

Akaiweka sufuria chini. Halafu akasema, "Nabwire, mimi nafungua mdomo namna gani mbele ya mkwe? Ananitazama natafuna?"

"Si wewe ulifundisha kanisani kwamba mambo hayo yaliisha?"

"Nilifundisha. Na bado naamini. Lakini koo limekataa."

Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikataka kumpiga na mwiko, Mungu anisamehe. Nikamwambia nitamweleza Baba Athieno leo hii. Hapo ndipo alianza kunisihi, ameshika gauni langu. Mtoto wa watu amempenda, amemvalia shati, anaacha kazi yake mapema kila siku. Amwambie nini sasa, kwamba uso wake unamfunga koo? Bora alale njaa.

Bora alale njaa! Mtu amerudi kutoka mlango wa kaburi asubuhi ya leo, na bado anaogopa kumvunja moyo mkwe wake.

Sikumsikiliza. Jioni nilisimama barazani, mvua inanirushia matone, nikamngoja Baba Athieno. Alipofika nilimzuia kabla hajavua viatu, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Sikumtazama usoni. Niliogopa ataumia, maana alijitahidi sana huyu mtu, na pia wanaume wa kwao wakiumia hawasemi, wanakaa kimya mwezi mzima.

Akakaa kwenye ngazi. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimeharibu.

Kumbe anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu. Akasema, "Mama Athieno, mimi mwenyewe sijashiba kwako tangu ile Jumatatu." Kumbe kila jioni, kabla ya kuja, anapita kwa yule mkaanga chapati wa pale stendi, anakula roleksi mbili, zile chapati za kukunjia mayai, amesimama, ndipo anakuja kukaa mezani kushikashika tonge. Kwao Rubongi pia, mbele ya mama mkwe chakula hakishuki. "Niliona ni wewe unataka," akasema. "Ulivyokuwa unafurahi na ile picha yako."

Mimi! Wote wawili walikuwa wananivumilia mimi. Na mimi nilikuwa nakula sahani yangu, namaliza, na kuongeza.

Basi leo nimetandika mkeka jikoni karibu na sigiri ya mkaa, nikafunga mlango. Baba Athieno nimempakulia sebuleni, peke yake na kitambaa chake cha meza. Mama akanawa, akaomba, na dua yake leo ilikuwa fupi kuliko siku zote. Halafu akamega tonge la mtu mzima. Nilikaa namtazama koo lake, linavyopanda na kushuka, mpaka akaniambia niache kumkodolea macho kama askari wa forodha.

Katikati ya chakula sauti ikatoka sebuleni. "Mama, mukene wanafanana na wa Majanji?"

Mama akatafuna kwanza, akameza, akajifuta mdomo na pembe ya leso. Ndipo akajibu, "Wa Majanji ni wakubwa, mwanangu. Hawa wa hapa ni watoto wa shule." Baba Athieno akacheka huko aliko. Na wakaendelea! Ukuta uko katikati, wanaongea kama watu waliopotezana miaka mingi. Mama anataka kujua kwa nini breki za lori zinanuka likiteremka kilima. Baba Athieno anauliza dagaa wanaanikwaje wakati wa mvua. Siku nane mezani hawakusemezana maneno kumi. Mimi nilikuwa navuka mlango na bakuli, huku nakula na huku nakula, na sasa tumbo linaniuma kwa haki kabisa.

Kidonge amekimeza juu ya shibe. Nimekiona kikienda.

Najua haijaisha. Sukari haiponi kwa bakuli moja la mukene, na Alhamisi tunarudi kliniki. Pia nina deni la kumwomba Mama msamaha kwa yale maneno ya Jumamosi. Leo nilianza, akanikatiza, akasema nilete maji ya kunawa. Kesho nitaanza upya, na nitamaliza, hata akinituma maji mara tatu.

Sasa nyumba imetulia. Mama anakoroma chumba cha pili, mkoromo wa mtu aliyeshiba, na Baba Athieno anasema hawezi kupata usingizi kwa hiyo kelele. Mimi namwambia anyamaze. Kila usiku tangu aje nimekuwa nikiamka, naenda pekupeku hadi mlangoni kwa Mama, nasimama gizani kusikiliza kama bado anapumua.

Leo namsikia kutoka hapa hapa kitandani.