Sanduku la Risper na Sahihi Yangu

Rusinga,
kupitia Mbita.
14 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Levis,

Nimekaa kimya miezi saba, na sina udhuru unaostahili kuandikwa. Niwie radhi. Natumaini wewe na Dorine hamjambo huko Perth, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi tu wazima, ila mvua imetukalia tangu Machi.

Sasa nikueleze aliyoyatenda binti yako Risper.

Unakumbuka mvua inavyoozesha omena, wale dagaa wetu wa ziwani, hata kina mama wakawamwagia kuku. Risper ameunda sanduku la kuwakaushia, la mbao na mabati meusi, na chini yake amepanga mawe ya ziwa. Jua likichungulia kidogo tu, mawe hunywa joto, kisha hulitoa polepole. Jumanne ilinyesha kutwa, lakini mawe yalikuwa bado na joto la jana yake. Nilisimama pale na mwavuli, nikaingiza mkono, nikatoa omena waliokauka kabisa. Levis, nilivua kofia.

Jirani yetu Kezia, mchuuzi wa omena, akanicheka mbele ya watu: "Mwalimu, sasa omena yangu inalala kwa nyumba iko na joto kuliko yako!"

Lakini kuna jambo linalonielemea. Chuo kikuu anakofundisha Risper kina ofisi ya uvumbuzi. Aliwapelekea maombi ya ruhusa ya kuliuza sanduku lake miaka mitatu iliyopita, hawajamjibu. Basi anayauza masanduku hayo mwenyewe, yakiundwa na seremala Matiko pale Rodi Kopany. Mkataba wake wa kazi unasema kwamba anachovumbua kwa vifaa vya chuo ni mali ya chuo. Kwa hiyo anataka niandikwe mimi kuwa mwenye kampuni na mwenye uvumbuzi.

Nilimwuliza kama alitumia vifaa vyao. Akajibu, "Baba mkubwa, kipimajoto tu ndicho chao. Mawe ni ya ziwa." Nikamshauri aombe ruhusa upya kwa maandishi. "Hiyo ruhusa itafika nikiwa na mvi kama zako," akasema.

Nilitia sahihi ripoti za wanafunzi miaka thelathini na sita, na sikuandika neno nisilolijua kuwa kweli. Nikitia sahihi hii na chuo kikagundua, atafutwa kazi. Nikikataa, masanduku yatakoma, na Kezia atarudi kuwamwagia kuku.

Wewe ndiwe uliyemzaa. Nipe maoni yako kabla ya mwisho wa mwezi.

Msalimie Dorine, na mwanao Ken. Mke wangu Liz anawasalimu. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake huko ugenini.

Karatasi za kampuni ziko mezani, kalamu iko juu yazo, imefungwa. Siku nitakapoifungua, au kumrudishia Risper karatasi zake, nitakuandikia.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Ezra Oyaro