Chupa ya Faustine

Kabasa, Bunda

Dada Tabitha,

Shikamoo. Huku tunavuna pamba. Dagaa ulizotuma kutoka Rukuba zimefika, na safari hii hazina mchanga.

Umeniuliza mbio za Butiama za waliovuka hamsini. Watu nimewaambia nilibanwa na msuli. Uongo, dada. Nilikuwa naongoza! Mazoezini nilikuwaga nakimbia na kanga, ila siku hiyo nilivaa bukta. Kufika karibu na meza ya maji, nikamwona Faustine, mume wa Lilian wangu. Na unajua kwetu mkwe haoni hata goti la mama mkwe. Nikarukia shamba la pamba, nikachuchumaa, nikafumba macho mpaka wenzangu wote wakapita.

Jana Lilian kanipigia. Kumbe Faustine aliomba mwenyewe kugawa maji, kwa ajili yangu. Aliponiona natokeza kwenye kona aligeuka, akanipa mgongo, akanyoosha chupa kwa nyuma nipite niichukue. Alisimama hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

Bukta nimeifua. Nimeianika ndani.

Mdogo wako mwenye aibu,
Mbuke