Likizo ya Biskuti

Jumapili, 28 Juni 2015

Leya kapiga simu baada ya misa. Kapata mahali! Kando ya Ziwa Erie, upande wa Buffalo. Kambi ya kempa — zile nyumba za magurudumu Wazungu wanazokodi wakienda kupumzika — na mbwa wanakaribishwa. Wana kipande chao cha ufuko, wana bomba lao la kuogea, wana uwanja wenye uzio wa kukimbilia. Kanisomea masharti yote kwenye simu. Kamba isizidi futi sita. Kinyesi uokote mwenyewe. Cheti cha chanjo uje nacho.

Leya huyu huyu! Mke wa kaka yangu, ambaye nikienda kwao Reynoldsburg, Biskuti hulazwa kwenye balkoni. Akiguswa na pua ya mbwa anakimbilia sabuni. Nikamwuliza, wifi, leo kulikoni?

"Bon, niliona hauendaka fasi yoyote juu ya ile imbwa yako," kasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: siendi popote kwa sababu ya mbwa. "Donc, tutaenda naye."

Nimefurahi hadi nimeona haya. Tangu nifike nchi hii sijui likizo, najua zamu. Biskuti nilimrithi kwa bibi mmoja niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake hapa Louisville. Bibi alipofariki, wanawe walichukua fenicha, mbwa wakataka apelekwe kule wanakopelekwa mbwa wasio na mtu. Nikasema nitakaa naye kidogo. Basi, hadi leo.

Thobias alipokwenda Buffalo alisema, natangulia, nikipata nyumba nakuita. Hakuita. Simu zikawa za Krismasi, halafu hata Krismasi ikapita kimya. Mume wangu wa ndoa ya kanisani! Anayenisubiri mlangoni nikitoka kazini ni Biskuti.

Jumatano, 8 Julai

Nimepewa ruhusa kazini. Msimamizi kauliza ninakwenda wapi, nikamwambia kambini na mbwa wangu. Kafurahi utadhani ni yeye anayekwenda. Watanzania wenzangu wao wamecheka: Albina amekuwa Mzungu, kesho tutasikia mbwa ana daktari wa meno. Wacheke.

Nimemnunulia jaketi la kuelea majini, la rangi ya chungwa. Kavalishwa sebuleni, akasimama tu, hajui aanzie mguu gani.

Karoli naye kapiga. Kaka yangu hana maneno mengi. Leo kauliza nitabeba nguo gani. Niweke na kitenge kizuri, kasema. Cha nini kambini, kwenye moshi na mbu? Eti cha kupigia picha. Nimekiweka.

Alhamisi, 16 Julai — Reynoldsburg

Nimefika salama. Biskuti katapika mara moja tu, karibu na Cincinnati. Gari langu nimeliegesha hapa kwa Karoli, kesho tunaondoka na kempa waliyoikodi. Nimeingia kuiona — kitanda, jiko, choo, hata pazia! Nimefungua kila kabati.

Watoto wamepelekwa kwa jirani. Nikauliza, likizo gani ya kuwaacha watoto? Leya kasema nafasi ndogo. Vitanda nimeviona mwenyewe, nafasi ipo. Labda wanataka wapumue kidogo, sikumchimba.

Halafu ajabu ya leo: Leya kamtandikia Biskuti blanketi jikoni. Kwa mikono yake! Nimemshukuru hadi akaniambia basi, wifi, inatosha. Karoli kala bila kuniangalia. Kachoka na kazi.

Ijumaa, 17 Julai — ziwani

Mungu ni mwema!

Nilidhani nitaona ng'ambo. Sikuona, maji matupu hadi yanapokutana na mbingu. Kwetu Kigoma hali ya hewa ikitakata unaiona milima ya Kongo, ya akina Leya. Yeye kakulia Uvira, mimi Kigoma, tumekunywa maji ya ziwa moja. Nilimwambia hivyo tukiwa tumekaa mchangani. Kanishika goti.

Biskuti na jaketi lake! Kwanza alilibwekea wimbi. Halafu akaliingia. Halafu hakutaka kutoka. Yule mbwa mzee mwenye miguu ya kuuma, nani angeamini.

Watu wa huku wanamsalimia mbwa kwanza. Wanamwuliza jina lake, umri wake, anapenda kula nini. Mimi wananiita mama yake. Sijaulizwa jina hata mara moja na sijachukia. Jirani wa kushoto ana mbwa watatu na kiti cha kila mmoja. Kanionyesha namna ya kumsuuza mchanga kwenye lile bomba, tumbo kwanza, masikio mwisho.

Nimecheka leo. Kicheko cha tumboni. Nilikuwa nimekisahau.

Jumamosi, 18 Julai

Niandike kwa mpangilio, labda nitaelewa.

Asubuhi Karoli kasema tutapata mgeni, mzee wa kwetu anayeishi Buffalo, anatuletea mbuzi. Nikafurahi. Kafika Mzee Donati, mtu mpole mwenye kofia, na mbuzi mzima amekatwakatwa kwenye boksi la barafu. Nikasema nyama niachieni mimi. Nikaikamulia ndimu, nikaitia chumvi na pilipili, nikaichoma mwenyewe. Leya kanihimiza nivae kile kitenge, kwa ajili ya picha. Nikavaa.

Mzee Donati kaomba sala ndefu. Kataja ukoo wetu, kataja marehemu baba. Nikaona ni uzee. Halafu kachukua kipande cha ini, kanipa mkononi. "Kula, mwanangu." Nikala. Wote wakala. Biskuti nilimpa mfupa.

Tulipokwisha kunawa, gari likaingia. Akashuka Thobias.

Nieleze hapa, maana nikinyamaza nitapasuka. Katika ukoo wetu, mume aliyemkosea mkewe akitaka kumrudisha haji mikono mitupu. Anamtuma mshenga na mbuzi. Lakini mbuzi hachinjwi kabla mwanamke hajaitwa uani akaulizwa mbele za watu: huyu tumle? Akikubali, wanakula na maneno yamekwisha. Akikataa, mbuzi anarudi na kamba yake shingoni. Shangazi yangu alimrudisha mbuzi wa mumewe na hakuna aliyemsema. Ndiyo heshima pekee anayopewa mwanamke katika jambo hilo — anaulizwa.

Mimi sikuulizwa! Nimemkamulia ndimu mbuzi wangu mwenyewe.

Mzee Donati alipouona uso wangu alielewa kabla ya wote. Kamgeukia kaka yangu. "Karoli, si ulisema umemwuliza?"

Karoli kaangalia makaa. "Ningemwuliza angekataa, mzee."

Hivyo ndivyo alivyosema. Kaka yangu, aliyeshika nafasi ya baba. Alijua jibu langu, kwa hiyo akaliruka.

Thobias kasema nimekosa, Albina, nisamehe. Kanenepa. Kakaa kwenye kiti cha kukunja, kaokota mfupa, kamwita mbwa. Na Biskuti akaenda. Mkia unatikisika. Hata wewe!

Nimejifungia kwenye kempa. Leya kagonga, kaacha. Nasikia sahani zinaoshwa huko nje.

Jumapili, 19 Julai

Thobias na Mzee Donati wameondoka jana. Mzee kasimama kwanza dirishani kwangu akasema, mwanangu, mimi nilidanganywa pamoja na wewe. Huyo namwamini. Mwingine, hakuna.

Leya kanifuata kwenye bomba la mbwa. Nilikuwa namwosha Biskuti, ametulia, maskini, hajui kosa lake.

"Wifi, usikasirike. Tulifanya juu yako," kasema. "Niliona unazeeka na imbwa. Mwanamke anapashwa kukaa na bwana yake."

Nikamwuliza, hii kambi ya mbwa uliitafuta kwa sababu ulijua mahali pengine nisingekuja? Kakubali kwa kichwa. Nikamwuliza tena: wewe ungefanyiwa hivi na mimi, ungesemaje? Kakunja taulo la Biskuti. Kalikunjua, kalikunja tena.

"Njo vile Karoli alitaka," kasema mwishoni.

Karoli alitaka! Nimewaimbia watoto wa Leya wote wakizaliwa. Alipojifungua yule wa mwisho nilikaa kwao, nikamkanda kwa maji moto kama dada yake wa tumbo moja. Nilidhani nina rafiki ndani ya ukoo. Kikulacho ki nguoni mwako — nilikuwa nauimba tu huo msemo, sasa naujua.

Nikamwambia Karoli anirudishe Reynoldsburg, nichukue gari langu niende zangu. Kasema kesho tutapitia Buffalo kwanza, kwa Thobias. Umekula mbuzi, Albina. Kama unakataa, ukakatae kwenye nyumba yake, kwa mdomo wako, nasi tutakuwa mashahidi. Saa moja tu, halafu tunageuza.

Gari langu liko kwake. Ufunguo wa kempa uko mfukoni mwake. Kwenye kambi hii hakuna basi, na basi lenyewe halipakii mbwa. Nimekubali. Nitakwenda kusema hapana yangu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Nimeirudia mara nyingi kimoyomoyo nikitembea ufukweni, Biskuti mbele.

Jumatatu, 20 Julai — Buffalo

Niko kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Thobias, mtaa wa pembeni, unaotokea barabara ya Bailey. Naandika haraka.

Nilishuka na hapana yangu mdomoni. Thobias kafungua mlango, kabla sijasema kasema, ingia kwanza umsalimie mama. Mama gani? Mama yake! Nilijua yuko Kigoma. Kumbe kaletwa, na masika haya kiharusi kikampiga. Upande wa kulia wote umekufa. Yuko kwenye kitanda cha hospitali, kile cha kupandisha na kushusha, ninachokijua kuliko kitanda changu.

Huyu mama alinipenda. Nilipoolewa alinifundisha kupika migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese, akanificha siku Thobias amekunywa. Kaniona, machozi yakatoka jicho moja.

"Umetoka... kazini?" kauliza. Maneno yanamtoka kwa shida.

Nikasema ndiyo, mama.

"Karoli... kwenye simu. Kasema ukitoka kazini utakuja... Jumatatu."

Nikageuka. Karoli alikuwa mlangoni, akawa hayupo.

Kwa hiyo alijua. Tangu ile simu ya kitenge, labda tangu mwanzo kabisa. Hakuna aliyekuwa anatafuta mke. Thobias, kwa kauli yake, ana zamu mbili ghalani, mama hawezi kujigeuza, na mimi kazi yangu ni ipi? Wametafuta nesi wa bure. Yule mbuzi aliletwa kumchukua nesi!

Nikasikia harufu. Mama kalowa, na si leo tu, mgongo una kidonda kinachoanza. Nikasema, shuka ziko wapi? Nilimwuliza Thobias. Aliyejibu ni Leya. Hakujibu kwa mdomo — alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la ukumbini, akafungua mlango wa chini, akatoa shuka, glavu na ile pedi ya kutandika. Bila kuuliza wala kutafuta. Amewahi kuja nyumba hii. Tumeangaliana juu ya zile shuka na amejua kwamba nimejua.

Nimemwosha mama. Ningefanyaje? Mikono imekwenda yenyewe. Nimemgeuza, nimempaka mafuta, nimemwekea mto chini ya kisigino. Thobias kasimama kizingitini, katabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Unaona?" kamwambia Karoli. "Nilikwambia, akimwona tu basi."

Sasa mama kasinzia. Kashika mkono wangu wa kushoto na ule wake mzima, naandika kwa wa kulia, karatasi iko juu ya goti. Hapana yangu bado sijaisema. Nikiisema itamwangukia nani? Thobias atakwenda kazini jioni. Huyu atabaki na dari.

Ila na mimi nina mlango wangu Louisville, na funguo zake ziko kwenye pochi hii.

Nje injini imewashwa. Mapema mno, ile saa moja waliyoahidi haijaisha, na hakuna aliyekuja kuniita. Nimeinuka kidogo nikachungulia kwa mlango ulio wazi, hadi dirisha la sebuleni. Begi langu liko sebuleni kando ya kochi. Sikulishusha mimi. Chakula cha Biskuti na bakuli lake vimebaki kwenye kempa, na Biskuti mwenyewe yuko ndani yake, pua kwenye kioo, anafumbua na kufumba mdomo. Kioo kimefungwa, simsikii. Leya kakaa mbele, kafunga mkanda, anaangalia magoti yake.

Kwa hiyo hata hilo walishalipanga. Nyumba hii haitaki mbwa.

Mama anashika kwa nguvu zote za upande mmoja. Nimemfungua kidole gumba, taratibu, asiamke. Sasa cha pili.